Tulipokwenda Dukani Kuchukua Mgao

Shughuli nzima imenigharimu sangara kumi na mmoja, waya wa mita ishirini na tano, na aibu moja ya saa sita mchana mbele ya watu. Sangara nimewahesabu mara mbili, waya nimeupima mara mbili. Aibu sikuirudia.

Biashara yangu ni samaki. Wanatoka Chato na basi la asubuhi, ndani ya boksi la barafu, nami nawauza Kalangalala, hapa Geita mjini, kutoka kwenye friza jeupe lililokaa kibarazani kwangu. Nyumbani kwetu Ushetu wanalima tumbaku, na tumbaku haina habari umeme ukikatika. Sangara anayo. Ndiyo maana kwa miaka yote niliyokaa hapa nimekuwa nikilitazama friza kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa.

Jirani yangu upande wa kulia ni kinyozi aliyechimba dhahabu Nyarugusu mpaka mgongo ukagoma. Upande wa kushoto ni supamaketi ya kampuni yenye matawi kila mkoa. Nasema kampuni, lakini sijui niseme ipi, maana jengo ni lilelile na wenyewe hubadilika. Bango lilikuwa la kijani, likaja jekundu, sasa ni la bluu. Mtaani kwetu hakuna anayeliita duka kwa bango lililopo. Ukimwambia dereva wa bodaboda akushushe pale Bluu, atakuuliza ni wapi. Mwambie pale Kijani, anakufikisha mlangoni.

Mbele ya kinyozi kuna benchi, na kwenye benchi kuna mazungumzo ya aina mbili: umeme na mabango. Yote huanza kwa salamu ya Kisukuma ya asubuhi.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka. Umeme upo?"

"Ulikuwepo."

"Umekwenda wapi?"

"Haukuaga."

Hapo mama ntilie anayepika ng'ambo ya barabara hupaza sauti, "Muulizeni Nyekundu alikokwenda, labda wameondoka pamoja!" Kinyozi hujibu kwamba wenye matawi ni kama wachimbaji, wakisikia kwingine kumetoka dhahabu wanakunja maturubai. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa, mashine imezima mkononi mwa kinyozi, huuliza yeye aende nyumbani na sura gani. Anaambiwa avae kofia, umeme ukirudi aje amaliziwe bila malipo ya ziada. Tunacheka, kwa sababu mwenye nusu kichwa siye sisi.

Sasa, supamaketi ina jenereta kubwa nyuma ya stoo. Zama za Nyekundu nilikuwa na makubaliano na meneja wao. Waya wangu ulipita dirisha la stoo, ukaja mpaka kwenye friza. Umeme ukikatika, jenereta lao likinguruma, na mimi napoa. Kila Ijumaa alikuwa anapata sangara. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Nilimpunguzia uzito wa sangara kidogo kidogo kadiri tulivyozoeana, naye hakulalamika, kwa hiyo nikajua bei ya kwanza ilikuwa kubwa mno.

Nyekundu wakaondoka. Bluu wakaja na meneja mpya, binti kutoka Dar es Salaam, mpole, anaamkia kila mtu. Asubuhi moja, friza langu likiwa limejaa mzigo ulioshuka jana yake, umeme ukakatika. Nikasikia jenereta likiwaka. Nikaweka mkono juu ya friza nisikie mtetemo wake. Kimya. Kutazama dirishani, waya wangu umechomolewa, umekunjwa vizuri kama mkanda, umewekwa kwenye ngazi yangu.

Friza lisipofunguliwa hushika baridi mpaka jioni, likifunguliwa funguliwa halimalizi mchana. Nikalifunika blanketi mbili. Mteja akaja, mzee wa Kisukuma ninayemjua.

"Nipe mmoja mkubwa."

"Leo siuzi, mzee wangu, nimelifunga."

"Duka la samaki limefungwa na samaki wamo ndani?"

"Umeme, mzee."

"Basi ukiludi nitaludi."

Nikabaki na hesabu yangu. Mzigo ule ukioza, siagizi mwingine, kwa sababu mtaji wangu wote ulikuwa mle ndani umelala juu ya barafu. Ningerudi Ushetu kufunga majani ya tumbaku. Nikajifunga kitenge vizuri nikaingia Bluu.

"Shikamoo, mama," alisema meneja.

"Marahaba, mwanangu. Waya wangu umekukosea nini?"

"Nisamehe, mama. Nimeukuta dirishani, na kwenye makabidhiano haupo. Makao makuu hawataki kitu kisichojulikana."

"Unajulikana. Muulize yeyote hapo nje."

"Nawaamini. Lakini siruhusiwi."

Nikampa bei: sangara mmoja kila Ijumaa, mkubwa, mimi mwenyewe nakwangua magamba. Akacheka, akaangalia nyuma kama kuna mtu anasikia.

"Mama, hiyo wanaita rushwa."

"Rushwa haina mapezi, mwanangu."

Akacheka tena, na mimi nikajua kuna nafasi. Mtu anayecheka mara mbili hajafunga mlango. Nikasimama palepale, sikuongeza neno wala samaki. Mwisho akashusha pumzi.

"Nipe muda kidogo. Nitaangalia kama naweza kukuweka kwenye mgao."

Nilitoka pale natembea kama mama wa bwana harusi.

Ni hapa ndipo aibu ilipoanzia. Kwa mtu wa Dar es Salaam, mgao ni umeme wa zamu: leo nyinyi gizani, kesho wenzenu. Na sisi tunaijua maana hiyo, wala si wageni wa giza. Lakini neno hilo likitajwa karibu na mashine inayonguruma, masikio ya Geita hushuka shimoni kwanza. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mawe yakitoka hujazwa mifuko, na mifuko hugawanywa: ya mwenye eneo, ya waliochimba, ya mwenye pampu, ya aliyeleta chakula. Huo ndio mgao wetu. Ukiwemo kwenye mgao, wewe ni mwenzao, una fungu lako.

Nikamwambia kinyozi, "Nimewekwa kwenye mgao wa jenereta."

Akaweka kitana chini. "Umechangia nini?"

"Bado."

"Sasa umo vipi? Kwenye mgao huingii mikono mitupu. Watakutoa." Akafikiri. "Na mimi nimo?"

"Kama unachangia."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa na dumu la dizeli alilomnunulia shemeji yake mwenye mashine ya kusaga, akaamua shemeji atasubiri. Mama ntilie akasikia, akasema kwenye duara mpishi hana mpinzani, akapakua sufuria ya wali. Fundi wa kuchomelea geti, ambaye mashine yake haijawahi kumaliza geti moja bila umeme kukatika, akabeba spana zake. Mimi nikafungua friza kwa mara ya kwanza siku ile, nikachomoa sangara mmoja haraka kama mwizi, nikafunika.

Saa sita mchana tukaingia Bluu kwa msafara. Dumu mbele, wali katikati, spana na samaki nyuma. Mlinzi akauliza tunataka nini, na mimi, kwa sauti yangu ya sokoni, nikajibu, "Tumekuja kuchukua mgao wetu!"

Mlinzi akashusha geti la chuma nusu. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakarudisha sukari kwenye rafu. Keshia mmoja akaingia chini ya kaunta, na bado anatusalimia kwa haya mpaka leo.

Meneja akaja mbio. "Mama, kuna nini?"

"Si ulisema mgao?"

"Nilisema *nitaangalia* mgao! Nikuwashie kwa zamu, labda saa moja hivi, mashine zangu zikipumzika!" Akatazama dumu. "Hii ni nini?"

"Dizeli," alisema kinyozi. "Fungu langu."

"Na wali?"

"Mpishi ana mifuko yake," alisema mama ntilie, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Nikaona ninavyoonekana: mtu mzima, sangara mkononi anadondosha maji kwenye vigae vya watu. Nikataka kugeuka. Lakini binti yule hakuwa ameondoa macho kwenye dumu.

"Ni lita ngapi?" akauliza.

Ikatoka sababu ambayo hatukuijua. Makao makuu walikuwa wanampa mafuta ya jenereta kwa kipimo, na kipimo kile kilikuwa kimekatwa na mtu aliyeko Dar ambaye umeme wake haukatiki. Kila siku ya kukatika, ikifika alasiri alikuwa anazima mwenyewe, anasimama kuangalia maziwa yake na kuku wake wakianza kulegea. Alikuwa na mashine bila mafuta. Sisi tulikuwa na mafuta bila mashine. Kinyozi akakaa juu ya kreti la soda, akamweleza mgao wa duara tangu mwenye eneo mpaka mpishi. Binti akamsikiliza, akauliza maswali mazuri, hasa kuhusu nani hulipa pampu ikiharibika. Fundi akainua spana zake juu.

Akapiga simu makao makuu mbele yetu. Tulimsikia akisema "mgao" mara tatu, na kila mara akilazimika kuanza upya. Mwishowe wakakubali, kwa sharti kwamba kule kwao litaandikwa "ushirikiano na majirani". Samaki bado alikuwa taabu, kwa sababu yeye hawezi kupokea zawadi. Mama ntilie akamnyakua mkononi mwangu.

"Huyu haendi kwa meneja. Anaingia sufuriani kwangu, wanakula wafanyakazi wote, mlinzi na yeye. Chakula cha shimo si rushwa."

Mlinzi akapandisha geti.

Waya ukarudi dirishani. Jioni nilipofungua friza, wawili wa juu walikuwa wamelegea mkia, nikawakaanga nikawauza kabla ya magharibi. Waliobaki walikuwa wagumu kama matofali. Niliwagonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, nikarudia.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa sangara mmoja anavuka barabara kwenda sufuriani. Mzee wa Kisukuma hujipitisha pale wakati wa chakula cha mchana na kuuliza kama na yeye yumo. Ameambiwa alete kuni, analeta.

Sasa limekuja jambo ambalo sikulipangia. Umeme umetulia. Unakatika, lakini kama mtu anayepiga chafya, unarudi kabla mama ntilie hajapata cha kusema. Benchi limekuwa gumu kukalika. "Umeme upo?" "Upo." Kisha tunatazama barabara. Dumu la dizeli limejaa na lina vumbi. Na juzi wamekuja watu wawili na ngazi, wakapima bango la bluu urefu na upana. Wanasema linalokuja ni la njano. Binti anasema yeye ataendelea kuwepo, bosi atakuwa mwingine tu.

Kinyozi anasema duara likilala hakuna anayepeleka chakula, niache, nimuuze huyo sangara wa Ijumaa kama wengine. Mama ntilie, ambaye nakiri ana maslahi sufuriani, anasema mpishi anayeonekana pale tu dhahabu inapotoka huwa anatolewa kwenye mgao. Nikipiga hesabu kwa upande wa kinyozi, nimeshatoa samaki kadhaa bila kupata hata nusu saa ya jenereta. Nikipiga kwa upande wa mama ntilie, bosi wa Njano atanikuta mezani, sahani mbele, na hakuna atakayekunja waya wangu.

Nimepiga zote mbili mara mbili. Kesho ni Ijumaa, na wa kumi na mbili yumo ndani, kilo nne na ushee. Wewe uliyewahi kuendelea kulipia kitu ambacho kwa sasa hukihitaji, nishauri: nimpeleke, au nimuuze? Na tafadhali sema mapema, kabla sijamtoa kwenye barafu.