Maji Mapya

Mume wake alipopigwa na kiharusi, fundi cherehani alimhamishia kitanda sebuleni, wawe wanaonana wakati anashona. Lakini mzee, dereva wa malori aliyezoea kutazama barabara, alishinda akiukodolea macho ukuta mtupu. Ndipo mkewe akamnunulia tangi la kioo na samaki wekundu. Siku hiyo mgonjwa alicheka kwa upande mmoja wa uso. Wiki haikwisha, samaki wote wakaelea matumbo juu.

"Maji yako yalikuwa mapya mno, mama," muuza samaki alimwambia. "Samaki anajisaidia humo humo, na uchafu wake ni sumu. Wapo bakteria wazuri wanaoila sumu hiyo, ila wanakuja polepole, wanajikalia kwenye sponji ya chujio. Washa chujio bila samaki, tupia chembe za chakula zioze, ungoje. Na sponji usiguse. Sabuni na dawa ya maji ya bomba zinawamaliza."

Akangoja. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, yakanuka, kisha yakatakata. Wateja wakamtania kwamba anafuga maji. Alicheka nao, maana mumewe alikuwa ameanza kugeuza shingo kutazama mapovu, na asubuhi moja akatamka neno lililoeleweka.

"Lini?"

"Jumamosi, baba watoto."

Ijumaa fundi alitoka kupeleka nguo za watu, wifi yake akaja kukaa na mgonjwa. Wifi aliiona sponji imejaa utelezi wa kahawia, akamwonea kaka yake huruma kulala karibu na uchafu ule. Akaisugua kwa sabuni, akamwaga maji yote, akajaza mengine ya bomba.

"Nimekusafishia, wifi yangu," alimwambia fundi aliporudi, mikono imeloa hadi viwikoni.

Fundi akamshukuru.

Alijua inabidi aanze upya. Lakini Jumamosi mumewe aliamka macho yakiwa kwenye tangi, naye hakuweza kumwambia bado. Akatia samaki wawili tu, akiomba Mungu. Walikufa mmoja baada ya mwingine, mzee akiwatazama.

"Tutangoja tena kidogo," alimwambia, akiwatoa kwa kijiko.

"Zima."

"Baba watoto, safari hii sitaruhusu mtu..."

"Zima," alirudia, akafumba macho.

Fundi akachomoa waya wa chujio. Mapovu yakakoma, sebule ikawa kimya hata pumzi za mumewe zikasikika zilivyokuwa nzito. Akachukua kikombe, akachota maji ya tangi, akaenda kuyamwaga nje, akarudi kuchota mengine.