Nilivyomzuia Mkwe Wangu Kwenda Uhamiaji

Siku ya rufaa, katika chumba cha ofisi ya uhamiaji, tulikuwa watu watano. Mimi. Mkwe wangu, mjane wa kitindamimba wangu. Mwanangu mkubwa, yaani shemeji yake. Binti wa jirani zetu Walutheri, ambaye ni msaidizi wa kisheria. Wa tano afisa wa uhamiaji, kijana nisiyemjua ukoo. Nilimuuliza ni wa kwa nani, akacheka tu.

Mkwe wangu amezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Marehemu mwanangu alimpata kijiji cha Mnazi, kule bondeni alikoshuka kulima, akamleta huku milimani. Kazaa watoto watatu, na Kishambaa anakisema mpaka kugombana anagombana nacho. Ila kibali chake kilimtegemea mumewe. Mume alipofariki ukaja wito: afike ofisini aeleze anaishi nchini kwa msingi gani.

Wito ulimkuta ana mwezi mmoja wa eda. Akaniuliza, "Mama, niende?" Nikamwambia mjane hatoki nje ya ua mpaka zitimie siku zake, miezi minne na siku kumi. Ile karatasi nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Niliamini eda kila mtu anaijua, hata serikali. Sikutuma mtu wa kutusemea.

Ndipo ikaja amri: aondoke nchini. Watoto ni raia, wao wabaki, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Msaidizi wa kisheria aliisoma mara mbili, akasema njia ipo, tukate rufaa tueleze kwa nini hakufika. Nikamwendea imamu anipe barua. Akashika kichwa. Akasema mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja kama ile, na kwamba ningemuuliza mapema yasingefika huku. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikawaambia rufaa hii nitaisemea mimi.

Mwanangu mkubwa alitaka tuseme wito ulipotea, mimi nisitajwe. Nikakataa. Niliupokea kwa mkono wangu, na mjumbe aliyeuleta yu hai.

Afisa akaniamkia shikamoo, kisha akamgeukia mkwe wangu, mbona hakufika? Nikamtangulia kujibu.

"Nilimzuia mimi. Yeye alitaka kuja. Kama ni kosa, liandike kwangu."

"Bibi, wewe si mhusika wa shauri hili."

"Ukimwondoa, yule mdogo nitamnyonyesha mimi? Basi ni mhusika."

Msaidizi wa kisheria akaziba mdomo kwa mtandio. Afisa akaisoma barua ya imamu, akauliza nani mwingine anathibitisha kwamba alikaa eda. Nikaanza kumtajia wanawake waliokaa naye matanga na waliokuja kumwangalia siku zote zile, kila mmoja na baba yake na alikoolewa, kuanzia Vuga mpaka Bulwa. Nilipofika wa kumi na tisa akaweka kalamu chini, akasema wanatosha.

Amri ikafutwa, ukatolewa wito mpya. Huo nilimkabidhi mkwe wangu palepale ulipofika, na siku yenyewe tulikaa mlangoni mwa ofisi kabla hawajafungua. Kibali amepata, anaishi na wanawe.

Nimesema kumi na tisa. Huenda mmoja nilimtaja mara mbili, mara kwa jina lake, mara kwa jina la mwanawe. Aliyekuwepo matangani na ana hakika anisahihishe, nisije nikawa nimemdanganya yule kijana.