Beki wa Kilo Nyingi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinikuta mbali na kiti changu cha barazani, ujue kuna msiba. Mwili wenyewe haukuumbwa kwa safari. Uliumbwa kwa kukaa, na kazi hiyo nimeifanya kwa bidii isiyo na malalamiko. Lakini kuna mwaka mmoja, nikiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa alama za kuwafanya wazazi wanyamaze mezani, mwili huu ulinipatia kazi, na mtu aliyestahili kazi hiyo akaikosa.

Kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Mbinga kilikuwa na timu ya mpira. Mchezaji akichukuliwa na timu, kiwanda kinampa ajira. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Kuna wazee waliostaafu pale ambao walianza kazi kwa kufunga magoli. Mwaka ninaousema, wanunuzi binafsi walikuwa wamesharuhusiwa. Magari yao yalipanda hadi milangoni kwa wakulima, na ghala la kiwanda lilianza kutoa mwangwi. Watu walinong'ona kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Hata hivyo timu ikatangaza nafasi moja, ya beki wa kati.

Tulioitaka tulibaki wawili: mimi, na rafiki yangu niliyesoma naye, mtu wa Ngumbo, kule ziwani. Alikuwa amepanda mlimani kutafuta kazi, akakaa kwetu, tukilala chumba kimoja. Alikuwa mwembamba mno. Mama yangu alimpakulia ugali kila siku kwa masikitiko.

"Mwanangu, chakula chote hiki unakipeleka wapi?"

"Kwa mwanao, mama. Mimi natafuna, yeye ananenepa."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa natafuna.

Yeye aliitaka nafasi ile kuliko mimi, na sababu yake niliijua. Alikuwa na mchumba katika kijiji cha Kingerikiti. Baba wa binti alimwambia wazi: ilete barua ya ajira yenye muhuri kabla ya Pasaka, au usirudi hapa. Wapo wengine wanaobisha hodi. Rafiki yangu alinieleza hayo mara moja tu, akiwa amegeukia ukuta. Mimi nilitaka kazi kwa sababu baba alikuwa amechoka kunikuta barazani kila akitoka shamba.

Meneja wa timu alikuwa mpima kahawa wa kiwanda. Kwa miaka mingi kila kitu kilichopita mbele yake kilipita juu ya mizani, na nadhani hatimaye akaamini kwamba hata binadamu ndivyo anavyojulikana. Isitoshe, msimu uliotangulia timu ilikuwa imefungwa Songea, mabeki wake wakisukumwa kama mabua. Safari hii alitaka uzito. Akatupeleka ghalani, akatuvua viatu, akatupandisha kwenye mizani ya magunia mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua chaki akaandika kilo za kila mmoja mgongoni mwa shati, kama afanyavyo kwenye gunia.

Nilipopanda mimi, sindano iliruka. Wapakizi wakapiga makofi.

"Huyu daraja la kwanza!" mmoja akasema. "Na wewe mtani wa ziwani, shuka ukale usipa wako kwanza, hivyo vidagaa vyenu, urudi kesho."

"Usipa hauna uzito, mtani," rafiki yangu akajibu, "lakini umewahi kuukamata kwa mkono?"

Tukaenda uwanjani. Tuliwekwa upande mmoja, mabeki wa kati wawili, tucheze dhidi ya wafanyakazi. Kabla hatujaanza akaniegemea bega. "Wewe simama tu, kaka. Usihangaike. Kukimbia niachie mimi."

Nikasimama. Kusimama ni fani yangu. Aliyekuja akinikabili kifua kwa kifua alianguka, na watu wakashangilia. Aliyenizunguka, na walinizunguka wengi, alikuta mguu mwembamba umeshafika na mpira umeondoka. Rafiki yangu alikuwa akiniangalia mimi kwanza, kisha mshambuliaji, kisha anakwenda mahali ambapo nitakuwa nimeshindwa. Hakukosea hata mara moja. Mpira ulipokwisha, yeye alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. Mimi shati langu lilikuwa kavu, na chaki yangu inasomeka.

Meneja akatuita mbele ya watu wote.

"Huyu anakimbia huku na huku kwa sababu hana uzito wa kusimama," akasema. "Huyu kasimama, na hakuna goli. Kazi ya beki ni hiyo."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Sentensi yenyewe nilikuwa nayo: mzee, goli halikuingia kwa sababu ya huyu. Rafiki yangu hakunitazama. Nadhani alinipa nafasi niiseme bila kuona aibu.

Nikasema, "Asante, mzee."

Kesho yake alifunga mfuko wake akashuka Ngumbo. Mama alimwekea maharage ya njiani. Kwenye mlango akaniambia, "Ukuta usitembee, kaka," akacheka, akaenda.

Mechi ya kwanza ilikuwa wiki tatu kabla ya Pasaka, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kijana mmoja wa Kitai, muuza duka mwenye miguu ya swala, alinipita kulia, akanipita kushoto, na mara ya tatu nilipogeuka nikageuka kama lori kwenye njia ya mguu. Tulifungwa manne. Watu wangu wenyewe walicheka. Jumatatu meneja akaniita, akanipa bahasha yenye muhuri wa kiwanda.

"Mpelekee yule mwembamba. Nafasi ni yake. Fanya haraka."

Nikaiweka chini ya godoro. Nitasema mvua zilikuwa kubwa na malori yanakwama, na ni kweli. Nitasema nilikuwa na mafua, nayo yalikuwepo kidogo. Lakini malori mengine yalishuka na kufika. Kila asubuhi nilijiambia kesho, kisha nikatoa kiti barazani. Sikujua nitaingiaje nyumbani kwake, na mwili huu wote, kusema kwamba nimeshindwa kazi niliyomnyang'anya.

Niliondoka Alhamisi baada ya Pasaka, juu ya lori la mahindi. Lilipoishia nikatembea siku nzima mpaka kwao Ngumbo. Mama yake alikuwa uani anageuza muhogo uliokuwa ukikaushwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaniangalia juu mpaka chini, akatabasamu. "Ni wewe. Alisema nitakujua tu. Alisema yeye hakuweza, wewe ndiye beki."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Alikaa hapa mpaka Jumatatu ya Pasaka, kila gari likisikika anatoka nje. Jumanne akapata habari kwamba binti wa Kingerikiti ametangazwa kanisani kuolewa na mwingine. Jana kavuka na meli, kaenda Malawi kutafuta kazi. Hakusema atarudi lini."

Akanikaribisha ndani, akanipa ugali na samaki, sahani kubwa ya mtu mkubwa. Kisha akaiona bahasha mfukoni mwangu.

"Ni yake?"

"Ndiyo, mama."

"Nisomee. Macho yangu hayawezi."

Nikaifungua. Nikasoma jina la kiwanda, nikasoma kwamba kwa barua hii anaajiriwa, nikasoma kazi atakayopewa, nikasoma cheo cha aliyetia saini. Tarehe, iliyokuwa juu kabisa kulia, nikairuka.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Imeandikwa lini, mwanangu?"

"Juzi, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea samaki.