Kumbikumbi wa Duka Namba Kumi na Mbili

Mwaka wa 1974, nje kidogo ya Likasi, kando ya barabara ya kwenda Koni, lilianza kujengwa jumba ambalo watu waliliongelea kila siku kama harusi ya jirani. Maduka arobaini chini, nyumba za kupanga juu, ukumbi wa sinema ubavuni, na uwanja wa kuegesha magari mengi kuliko yaliyokuwapo mjini. Shaba ilikuwa na bei nzuri, na wakubwa waliamini ingebaki hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Kapita wa waashi, yaani msimamizi wao, alikuwa Evariste, Muluba ambaye baba yake aliletwa na treni kutoka Kasai kuchimba shaba. Kwenye karatasi za kazi jina Evariste lilikuwa halitakiwi tena, serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, lakini nyumbani hakuna aliyejisumbua na hilo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kiburi kimoja tu: kuta zake hazikuwahi kupinda.

Mkewe, Claire, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwao, mtaa wa Shituru, na Shituru ni moshi wa kiwanda. Nguo ya komunyo ya kwanza ilianza asubuhi ikiwa nyeupe, ikamaliza jioni ina rangi ya majivu, na Claire akaifua kabla hata mtoto hajaivaa. Miaka kumi na mmoja alifua nguo za watu namna hiyo. Kwa hiyo Monsieur Étienne, mhandisi Mbelgiji, alipomwahidi Evariste kwamba mkewe atapata duka namba kumi na mbili, lile la pembeni linalotazama barabara, Claire alilia kwa furaha na hakuona haya. Wiki ile ile akaandikisha kibao: CHEZ MAMA SUZANNE, COUTURE. Ni Kifaransa, maana yake ushonaji kwa Mama Suzanne; Suzanne ni binti yao.

Sasa, pembe ile ilikuwa na kichuguu. Huku kwetu vichuguu ni vikubwa kuliko nyumba, na waashi wana desturi yao: kabla ya kukisawazisha, unachimba mpaka umpate malkia wa mchwa. Aliyempata humweka juu ya beleshi na kumzungusha ili kila mfanyakazi amwone. Tangu hapo hakuna anayekitilia shaka. Kimekufa, kazi iendelee.

Malkia yule Evariste alimtoa mwenyewe, mwezi wa saba, udongo ukiwa mgumu kama jiwe. Tangu ujana alijua kwamba kuna vichuguu vyenye malkia wawili. Lakini alikuwa na haraka ya kuliona duka la mkewe, na haraka hiyo ilimfanya aweke beleshi chini mapema. Zege likamwagwa, kuta zikapanda hadi usawa wa madirisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi. Asubuhi yake kumbikumbi walitoka ardhini, na walitoka wapi? Kando ya msingi wa duka namba kumi na mbili, wengi ajabu. Vibarua wakaacha kazi, wakajaza ndoo na kofia. Claire naye akafika na beseni, anacheka.

"Baba Suzanne, kuja uone. Duka yetu iko inatulisha mbele ya kufungua."

Evariste hakucheka. Alichukua mtaimbo, akaupiga chini kando ya ukuta. Uliingia mpaka mkono wake ukagusa udongo, bila kugonga kitu; chini palikuwa patupu. Akauchomoa, akaurudisha mahali pake, akashinda siku nzima anapanga matofali kwingine. Usiku huo hakula kumbikumbi.

 Siku ya tatu akaenda ofisini.

"Monsieur Étienne, ile pembe haiko muzuri. Kichuguu kiko kizima chini. Kosa ni yangu minye. Nilitoa malkia moja, sikutafuta wa pili."

"Nani mwingine anajua?"

"Minye tu."

"Na ile duka ni ya bibi yako."

"Njo ile," Evariste akakubali.

Pembe ikabomolewa. Mchoro ukabadilishwa, na mahali pa duka namba kumi na mbili pakawa njia ya kupita. Evariste akavuliwa ukapita, akabaki mwashi kama wengine. Alipomweleza Claire, mama wa watu alisimamisha cherehani.

"Weye mumoja tu njo ulijua?"

"Minye mumoja."

"Na ulienda kusema."

"Bantu batalala kule yulu ya maduka, Mama Suzanne. Na batoto yabo."

Claire akaendelea kushona. Kwa wiki mbili alimpa chakula bila neno, na hilo lilimuuma Evariste kuliko kuvuliwa ukapita.

Kitu kimoja tu aliomba kazini: ule udongo wa kichuguu uliochimbwa, maana hakuna udongo unaoshinda huo kwa matofali. Akapewa. Kila Jumapili baada ya misa alifyatua matofali, akayachoma tanuruni, akajenga chumba kimoja kwenye kiwanja cha dada yake kule Kikula, mbali na moshi. Kabla ya msingi alipiga mtaimbo kila hatua moja.

Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka. Monsieur Étienne akarudi kwao, vibarua wakatawanyika, na jumba likabaki bila paa, nyasi zinaota ukumbini. Katika maduka arobaini ya mchoro wa kwanza, halikufunguliwa hata moja.

Siku Evariste alipopigilia kile kibao cha Mama Suzanne juu ya mlango wa chumba cha Kikula, Claire alisimama nyuma yake, ameshika gauni jeupe la komunyo.

"Chini ulipima?"

"Nilipima."

"Malkia wa pili?"

"Hakuna, Mama Suzanne. Nilitafuta na wa tatu."

Claire akalitundika gauni dirishani. Jioni alilitazama tena. Lilikuwa bado jeupe.