Diski Iliyoanikwa Pamoja na Maharage

Miaka ya sabini, kule Mbeya, redio yetu ilivaa vizuri kuliko mimi. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na mtoto aliyekigusa kwa mikono ya ugali alikiona cha mtema kuni. Sauti ilipofifia, hakununua betri mpya. Alizitoa za zamani, akazianika kwenye ungo pamoja na maharage, na jioni taarifa ya habari ikasikika tena. Miaka hiyo hiyo alienda kisomo cha watu wazima. Alirudi na daftari lenye herufi kubwa kama viazi, nami, msomi wa darasa la tatu, nikamcheka. Nilimcheka kwa siri, maana mkono wake ulikuwa mwepesi.

Miaka mingi baadaye alihamia kwangu Iringa, akaikuta kompyuta yangu kuukuu, akaivisha kitambaa kile kile. Nilimwambia mashine inahitaji kupumua. Akasema redio nayo ilipumulia humo humo.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na kazi yetu ya miezi mitatu. Mama alinitajia ukoo, vizazi sita kutoka Tukuyu, nani kamzaa nani na nani hakusemeshana na nani, nami nikachapa. Agosti ndugu wote wangekutana, na nilikuwa nimeahidi kuwasomea. Hakuna mwingine aliyebaki anayeukumbuka wote. Nakala ya pili sikutoa, mimi mwalimu mstaafu, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kutotunza madaftari.

Asubuhi moja ya Juni, na baridi ya Iringa mnaijua, kompyuta iligoma. Diski ilikwaruza mara mbili, ikanyamaza. Niliichomoa, nikaipeleka kwa fundi, mtaa wa Mlandege. Aliitegea sikio, akanirudishia.

"Pole mwalimu. Hii imeshakufa. Tafuta nyingine."

Njia nzima nilitukana kimoyomoyo, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa.

Nyumbani nilimweleza mama. Aliipima diski kiganjani.

"Imeingia baridi tu hii. Hata betri zilikuwa hivi hivi."

"Mama, diski siyo betri."

"Wewe umesoma, sawa. Lakini imekukatalia wewe, siyo mimi."

Akailaza kwenye ungo, katikati ya maharage, akaifunika kitambaa. Niliingia ndani nikanuna.

Mchana niliirudisha kwenye mashine, nikitaka tu ashindwe mbele yangu. Ikaunguruma. Kioo kikajaa maandishi ya Kiingereza: mafaili yana makosa, je, yatengenezwe? Nikakubali. Ilihesabu kwa saa nzima, ikaturudishia vipande vyenye namba badala ya majina, nikavifungua kimoja kimoja. Kizazi cha tatu kilikuwa kimeungana na mtihani wangu wa zamani wa kilimo, hivyo babu wa babu alioa mke wa pili akazaa naye mbolea ya samadi, alama tano. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Mashangazi wa Kyela, wale wasiofika msibani, hawakuonekana kabisa.

"Kompyuta hii ina akili," mama akasema.

Tulijaza mapengo yote kwa siku nne, hata ya mashangazi, shingo upande. Kisha tukafika mwisho, kwa watoto wake yeye. Penye jina langu palikuwa na alama za ajabu tupu. Sikuwemo. Nilijua ni hitilafu ya diski, lakini iliniuma, na uzee wangu wote ule.

"Nitajie, nichape upya," nikamwambia.

"Hapana. Huyu namwandika mwenyewe."

Akaomba penseli na karatasi. Ilimchukua muda, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, mpaka jina langu likakamilika kwa herufi zile zile kubwa kama viazi. Safari hii sikucheka. Nilivaa koti, nikaenda mjini kuitolea fotokopi tatu.