Siku Baba Alipovaa Kaptula

Baba yangu, Khubaib fundi saa, alizaliwa Kuze, mtaa wa kale wa Mombasa, akatahiriwa Kuze, akaoa Kuze, na lau makaburi yangekuwa Kuze angelala huko pia. Kwa miaka hamsini na minane hakuwahi kuingia Ngomeni, mahali ambapo watu hutoka Ulaya kuja kupaona. "Ngome haina miguu," husema. "N'taikuta." Duka lake liko chini ya nyumba yetu, na ukutani mna saa kumi na moja, kila moja na wakati wake. Ukimwuliza ipi iko sawa, atakwambia zote. Sikuwahi kumsikia akisema amekosa, hata kwa Mama, hata siku alipomrudishia imamu saa inayokwenda kinyumenyume.

Mtu wa namna hiyo hatoki nje na kaptula bila sababu. Sababu ilikuwa mimi.

Naitwa Yumna, binti wa pekee, nauza dawa katika famasi moja mjini. Kamaludin ni mwalimu wa hesabu Malindi. Tulipendana kwa adabu, yaani kwa simu. Watu wake walikuja kuposa wakiongozwa na shangazi yake aliyemlea, Bi Ummukulthum, ambaye bila neno lake kwao hata kuku hachinjwi. Wakala, wakanywa kahawa, wakapewa jawabu, wakaahidi kurudi baada ya wiki moja kuweka siku ya harusi. Wiki moja ikawa tano. Kila asubuhi nilitazama simu kabla ya kunawa uso. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwishowe Kamaludin akanipa ukweli. Siku ile ya posa shangazi yake alifika Mombasa asubuhi, na kwa kuwa tuliwangoja alasiri, akajiunga na watalii pale Ngomeni ili auone mji. Mwongoza watalii akawasimamisha Kuze mbele ya mlango mmoja, akasema nyumba hiyo ina jini asiyependa maharusi, na kila binti anayeolewa kutoka humo hurudishwa kwao kabla ya mwaka. Alasiri Bi Ummukulthum akaletwa kuposa. Mlango ukawa ule ule.

Hapo nikakumbuka alivyokuwa akitazama dari. Mama alidhani anatafuta utando wa buibui, na kesho yake tukafagia nyumba nzima kuanzia juu.

Baba aliposikia, alipanda mori. Akaapa atakwenda kama mtalii, amsikie huyo mwongo kwa masikio yake mwenyewe, kisha amfedheheshe papo hapo mbele ya wageni. Akaazima kaptula ya mjomba Mzamil, ambaye ni mrefu kuliko yeye, ikamfika chini kidogo ya magoti, maana Baba hata akijificha hataki kuvunja sheria ya dini. Juu akavaa kofia pana ya ukindu na miwani ya jua. Mimi, kwa umri wangu wote, sikuwa nimewahi kuona vigimbi vya babangu, na sikuwa na haja. Mama akanituma nimfuate ili damu isimwagike.

Mwongoza watalii alikuwa Kitsao, mtu wa Kaloleni, mwembamba, mpole, beji kifuani. Wenzetu walikuwa Mjerumani na mkewe, na Beryl, muuguzi wa Kisumu aliyekuwa likizoni.

"Karibu Mombasa, mzee," Kitsao akasema.

"Mimi natoka Ngazija," akajibu Baba, bila kuulizwa.

Kitsao akamtazama kidogo. "Ngazija kuzuri," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ndani ya Ngome Baba alikusudia kudharau kila kitu. Akaonyeshwa kuta nene, akaninong'oneza, "Ukuta tu." Akaonyeshwa mizinga, akauliza kama inafanya kazi. Lakini tulipopanda juu, mji wote ukawa chini yetu na mabati yake yenye kutu na minara ya misikiti, akavua miwani.

"Ile ni nyumba yetu? Ndogo vile?"

"Baba, wewe watoka Ngazija."

"Ndiyo. Ndogo vile?"

Balaa lilianza tulipoingia barabara ya Ndia Kuu. Huku kwetu mtu hapiti mbele ya baraza bila salamu, na baraza halimwachi apite bila maswali. Baraza la kwanza likapiga kelele, "Khubaib! Wendapi na hiyo kaptula?" Baba akakaza shingo, akapita. Baraza la pili lilikuwa na wazee wajanja zaidi. Hawakuuliza kitu. Walisema kwa upole, "Assalamu alaykum." Baba angeweza kuacha matusi bila jibu, lakini salamu hawezi. Akajibu yote, na rehema zake na baraka zake, kwa sauti ya Kuze iliyonyooka.

"Kumbe watu wa Ngazija mnajulikana sana hapa," Beryl akasema.

Kufikia baraza la nne alikwisha kuulizwa hali ya mgongo wake, na habari ya saa aliyoahidi kuitengeneza tangu Ramadhani, na kupigwa picha mara tatu. Simu yangu ikalia. Ni Mama.

"Wawili wanambia babako amerukwa na akili. Mmoja asema yuwatafuta mke wa pili. Ni lipi?"

"Yuwatalii, Mama."

"Afadhali lile la mke," Mama akasema, akakata.

Baba hakusikia. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kichwa juu, mdomo wazi, mwendesha mkokoteni akimpigia kelele ajitenge. Alikuwa akitazama roshani moja ya mbao iliyochongwa maua. "Hii ilikuwa hapa siku zote?" akaniuliza. Alipita chini yake kwenda chuoni kusoma Kurani tangu ana miaka sita.

Tulipofika Kuze, Kitsao akatusimamisha mbele ya nyumba yetu. Akashusha sauti, hata aliye dukani asingeisikia. Akasimulia jini, akasimulia maharusi, na kwa haki nitasema alisimulia vizuri. Mjerumani na mkewe wakashikana mikono, nami niliyezaliwa humo nikahisi baridi. Baba akaitupa kofia chini.

"Mwongo! Hii ni nyumba yangu! Nani aliyekwambia maneno haya?"

"Ni wewe, Mzee Khubaib," Kitsao akasema.

Akaiokota kofia, akaipangusa vumbi.

"Niliwaleta Wataliano wawili, mume na mke, miaka mingi sasa. Walikaa kwenye baraza yako wakila embe, maji yakamwagika. Ukatoka dukani ukaniambia, waambie nyumba hii ina jini, maharusi hawadumu, wasikae hapa. Nikawaambia. Waliondoka mbio, kesho wakarudi na wenzao sita. Tangu hapo hakuna mgeni anayekubali nisipite hapa."

Masikio ya Baba yalibadilika rangi, na mimi nikajua kuwa amekumbuka. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia kiumbe yeyote. Wiki tano nimelowesha mto kwa machozi kwa sababu ya maji ya embe! Nikamweleza Kitsao yote, posa na shangazi.

"Sitaki kuharibu harusi ya mtu," Kitsao akasema. "Nipe la kweli la nyumba hii, nilitie mahali pa lile. Ilijengwa lini? Mlango aliuchonga nani?"

Baba akautazama mlango. Akaipapasa michoro yake kama bidhaa iliyoletwa asubuhi ile. Hakujua. Yeye aliyemsahihisha kila mtu kwa miaka hamsini na minane, hakujua hata moja.

"La mlango silijui," akasema polepole. "Lakini chumba kile cha juu ndimo alimozaliwa huyu." Akanionyesha kwa kidole. "Ilikuwa mchana, jua kali, njia nzima haina hata paka. Mkunga akanifukuza. Nikakaa barazani hapa toka adhuhuri mpaka alasiri, nina saa ya mtu mkononi. Niliifungua yote kwa wasiwasi, kisha sikuweza kuirudisha. Nilipomsikia analia, nililia na mimi."

Hakuwahi kunisimulia. Beryl akapangusa macho kwa leso. Hasira zangu zikaniponyoka, nikabaki nazitafuta.

"Nipe simu," Baba akaniambia. "Nipigie Malindi."

Hajui kushika simu ila kwa sauti ya wazi, kwa hiyo tulisikia sote, na madirisha yote ya jirani pia.

"Bi Ummukulthum, ni mimi Khubaib. Yale ya jini niliyazua mimi, niwafukuze watu barazani. Mwanangu hana kosa. Nimekosa mimi."

Nilidhani ukuta utaanguka.

"Jini hakunitisha," sauti ikajibu. "Malindi tuna majini yetu, na wengine ni jamaa. Nililoogopa ni watu wasiosema. Mji mzima wapewa habari ya nyumba yenu, nami nimekaa kwenu saa mbili, hakuna aliyefungua kinywa. Nikasema, kama watanificha hili, watanificha mangapi?"

"Hatukuwa tukijua kuwa lasemwa, Wallahi. Mimi sikuwahi kutalii."

"Sasa umesema." Akavuta pumzi. "Na hii picha niliyoletewa saa hii, ya mtu mwenye kaptula, ni wewe?"

Baba akatazama miguu yake. "Ni mimi."

"Tutakuja Ijumaa kuweka siku. Uvae kanzu."

Nilikaa pale pale barazani nikalia mbele ya wageni, na mke wa Mjerumani akanipiga picha. Ijumaa ile Baba alivaa kanzu ndefu iliyokuwa ikifagia sakafu, na Bi Ummukulthum hakutazama dari hata mara moja.

Sasa ni mwaka wa pili niko Malindi na sijarudishwa. Mwezi uliopita nilikuja kuwaona, nikajiunga na msafara wa Kitsao kuanzia Ngomeni. Mbele ya mlango wetu yeye hunyamaza, maana Baba hutoka dukani akasimulia mwenyewe. Siku hizi nimezaliwa katika mvua ya mawe, mkunga amekuja akiwa na maji kiunoni, na ile saa aliyoifungua ilikuwa ya liwali. Wageni wameachama. Akaniona nyuma yao.

"Ilikuwa jua, Baba," nikasema.

"Ilikuwa jua," akakubali mbele ya watu wote. Kisha akawageukia wageni. "Lakini jua gani!"