Halwa kwa Nguchiro

Mpaka leo mtu akisifu ukarimu wa watu wa Amu, Lamu yetu, mbele yangu, mimi hunyamaza. Nanyamaza kwa adabu tu, maana nikifungua kinywa nitasema mambo. Huo ukarimu nimeuona ukiua. Nimeuona katika nyumba ya kaka yangu wa tumbo moja, nikiwa nimekaa eda, sina pa kwenda, na kila nikikumbuka hasira hunipanda upya.

Mume wangu alikufa kwa homa huko bara, kwenye shamba letu nyuma ya Mokowe. Ilikuwa miaka michache baada ya watumwa kuachwa huru. Walipoondoka, waungwana wengi waliyaacha mashamba yakamezwa na mwitu, wakarudi mjini kukaa barazani na kuyazungumza hayo mashamba. Mume wangu alishika jembe mwenyewe. Nami nikashika la pili. Tulilima ufuta, tuliokota nazi, tulichoka, na wallahi sijapata kulala usingizi mtamu kama ule. Kaka yangu aliona aibu. Dada yake, binti wa nyumba ya mawe, mikono imeota sugu! Kwa hiyo mume wangu alipozikwa tu, kaka alikuja na mashua akasema shambani si mahali pa mjane kukaa eda peke yake, akanichukua mjini. Sikubisha, nilikuwa nalia.

Nyumba ya kaka ilikuwa kubwa, ina vidaka vya kuchongwa ukutani na mlango wa kuonyesha wageni. Lakini jikoni wifi yangu, mkewe, alikuwa akikwangua sufuria. Sisi wa ndani tulikula mkate wa mofa mchana, na usiku tukaula tena. Akibisha mgeni, basi halwa hutokea, na samaki hutokea, na samli hutokea, sijui wapi. Nilimwuliza wifi yangu siku moja kwa nini haya hayatokei sisi tukiwa peke yetu. Alinitazama kama niliyesema maneno ya kufuru.

Eda yangu ilikuwa na kama mwezi hivi wachukuzi walipoingia na tundu kubwa la mbao lenye wavu wa waya. Waliliweka kiwandani, pale katikati ya nyumba pasipo na dari. Ndani yake mlikuwa na nguchiro, kundi zima, wenye michirizi mgongoni. Mzungu mmoja aliyezunguka pwani akikamata wanyama wa bustani ya wanyama ya kwao Ulaya alikuwa amewanasa huko bara, na sasa anakwenda Kiwayu kutafuta wengine. Alitaka nyumba ya kuaminika ya kuwaweka mpaka meli ije. Alimwomba kaka yangu barazani, mbele ya watu, na kaka yangu akiombwa kitu mbele ya watu hukupa hata meno yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikia. Mzungu aliagiza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika:

“Wape chakula chao.”

Hayo tu. Mtoto wa chuo cha Kurani angeyaelewa.

Na kaka yangu aliyaelewa, hilo ndilo liniudhilo. Angekuwa hajui ningemsamehe zamani. Sisi wawili utotoni tulikuwa tukipelekwa shambani kila mavuno. Tuliwaona nguchiro wakipita kundi kwa kundi, wakilia kama vifaranga, wakifukua samadi kutafuta mende na panzi na nge. Tulimwona mmoja ameiba yai la kuku. Aliligeuzia jiwe mgongo, akalirusha lile yai nyuma kwa mikono katikati ya miguu yake, mpaka yai likapasuka. Kaka yangu alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Aliwajua kama nilivyowajua mimi.

Jioni ya kwanza aliwatolea sahani ya kaure. Wali wa nazi. Samaki wa kupaka, keshatolewa miiba. Tende zilizotolewa kokwa, na tonge la halwa juu. Nguchiro walinusanusa, wakamla samaki, kisha mmoja akakanyaga halwa ikamganda mguuni. Akajilamba. Akajilamba tena. Utamu ni utamu, hata mnyama anaujua, na kabla ya isha walikuwa wanang'atana kwa ajili ya ile halwa. Kaka yangu alifurahi kupita kiasi. Kesho yake baada ya alasiri aliwaita wenzake wa barazani waje watazame wanyama wa mwitu wakila chakula cha waungwana, nami nikajifungia chumbani ili wapite. Niliwasikia wakimsifu. Walisema nyumba hii haijapungua kitu, mlo wake ni ule ule wa enzi za baba yetu. Hapo nikajua sahani ile imewekwa kwa ajili ya nani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hawakupewa hata ardhi ya kufukua. Walikwaruza mbao za tundu mpaka kucha zikatoka damu, kisha wakaacha wakawa wanangoja sahani. Walinenepa. Halafu wakaanza kuhara, manyoya yakapukutika mapajani, na mmoja akawa anaburuta miguu ya nyuma. Kulikuwa na jike mwenye mimba, mkubwa wao, ambaye wenzake walikuwa wakimpisha. Huyo ndiye niliyemwangalia. Mimi sikujaaliwa mtoto, na sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili ujue kwa nini nilikaa mbele ya tundu lile kutwa, nikihesabu pumzi za mnyama. Nilitaka azae na watoto wake waishi, basi. Katika miezi ile sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Nilimwambia kaka yangu. Nilianza kwa upole, nikamkumbusha shamba, nikamkumbusha lile yai. Nikamwambia nyumba imejaa mende na mijusi, chooni usiku kunatambaa, hakuna haja hata ya kutoka nje. Alinisikiliza akichezesha tasbihi. Kisha akasema:

“Katika nyumba hii hakuna kinacholishwa mende.”

Nikamwambia, “Samaki wa birikani wanakula nini?” Maana sisi Amu katika kila birika la chooni, lile la maji ya kutawadha, tunaweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na kaka yangu visamaki vyake alivipenda, akivihesabu kila akitawadha. Vilikula wadudu humo humo ndani ya nyumba ya heshima, na havikupata kuugua hata siku moja.

Akanijibu kwamba samaki hakuna anayekuja kuwatazama.

Bora angenipiga. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Baadaye nikavua kiatu changu cha mti, nikaenda chooni. Niliua mende wanane wakubwa wenye mabawa. Nikawabeba kwa upindo wa kanga, kanga yangu ya eda isiyo na manukato, nikawatupia nguchiro mmoja mmoja. Ungewaona! Yule jike aliamka akaja mbio na tumbo lake. Alimshika mende kwa mikono miwili, akamtafuna kuanzia kichwani, nami nikasikia ile sauti ya kutafuna nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu nimzike mume wangu. Siku zilizofuata nilileta mijusi, nikaleta buibui, na mvua iliponyesha nikaokota majongoo pembeni mwa kiwanda. Walikuwa wakiyabingirisha sakafuni kwanza, mbele nyuma, mpaka ule uchungu utoke, ndipo wayale. Yai moja nilimwibia wifi yangu. Jike aliupa mgongo ubao wa tundu akalirusha, paa, na wifi yangu aliyekuja kunigombeza akasimama pale mkono mdomoni, akasahau kugomba. Kuhara kukakoma. Jike akazaa wawili, wekundu, vipofu, na kundi zima likawalalia kuwapa joto.

Sasa sikiliza kilichowaua. Bi mmoja wa jirani, kutoka upande wa Wiyoni, alikuja kunipa pole kama desturi. Mlango ulikuwa wazi, akaingia hodi ikiwa bado mdomoni. Akamkuta mjane wa watu, dada wa Bwana mwenye nyumba, amepiga magoti chini ya ngazi, kiatu mkononi, mende upindoni. Nilimweleza. Nilimwonyesha na nguchiro wenyewe. Akaitikia naam, naam, maskini, akaondoka hata kahawa hajanywa. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimezunguka mji: nyumba ile imefilisika, mjane anasaka mende, na Mungu ndiye ajuaye anawapeleka wapi. Kuna aliyesema nawala.

Kaka yangu alirudi kutoka msikitini uso umemwiva. Hakupaza sauti, yeye hapazi. Aliita watu wawili wakalibeba tundu mpaka chumba cha juu, akafunga kwa kufuli, ufunguo akautia shingoni. Kuanzia siku hiyo akawa anawalisha mwenyewe, na sahani anaipitisha barazani kwanza, wazi, ili kila aliyekaa pale aone kuna nini juu yake. Maziwa yenye sukari. Visheti. Nyama ya mbuzi iliyopikwa na samli. Halwa, kila siku halwa. Nilimwomba nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamwomba nikiwa nimekaa chini. Kumshika miguu pia nilimshika, na hilo sitamsamehe, kwamba nilimshika miguu na akanitaka niinuke kwa sababu wifi yangu anatazama.

Vile vilio vyao kama vya vifaranga nilivisikia kutoka juu kwa siku kadhaa. Kwanza vilikuwa vingi, kisha vichache. Wifi yangu, ambaye si mwanamke mbaya, ni mwoga tu, ndiye aliyeniletea habari. Maziwa ya jike yalikauka. Watoto walikufa, mmoja kisha mwenziwe, naye mama yao aliwabeba mdomoni siku mbili akizunguka tundu kabla hawajaondolewa. Kisha akafuata yeye. Nilimwona akishushwa kwenye kikapu cha mchanga. Alikuwa mnene. Mdomo wake ulikuwa umeganda halwa.

Nilimkabili kaka yangu ngazini, mbele ya wachukuzi, sikujali.

“Umemwua,” nikamwambia.

“Hakufa na njaa,” akanijibu. “Nyumba hii hakuna aliyekufa na njaa.”

Aliamini. Hapo ndipo hasira yangu inapokwama mpaka leo, kwamba mtu yule alisema neno lile kwa moyo safi, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Meli ilipokuja Mzungu alirudi kutoka Kiwayu, akakabidhiwa tundu lenye nguchiro wawili tu waliosalia, wamekunja miguu, manyoya yamebaki kichwani tu. Aliuliza walikula nini. Kaka yangu akamtajia chote, sahani kwa sahani, amesimama wima kama anayetaja nasaba. Nilidhani Mzungu atakasirika, nikamngojea akasirike, nilitaka mtu mwingine ndani ya nyumba ile akasirike. Alicheka. Alimpigapiga kaka begani, akasema haidhuru, huko kwao watu wa bustani huwapa mkate uliotiwa kwenye maziwa, na watoto wanaokuja kutazama huwatupia peremende. Kaka yangu akafarijika sana. Akampa mkebe wa halwa, wa safari ya wale wawili.

Eda yangu ilikwisha baada ya hapo. Nilioga, nikabadili nguo, nikamwambia kaka yangu narudi shambani kwangu. Wenzake walikuwa barazani, nami sikuchagua mahali, nilisemea hapo hapo. Nilimwona akitafuta uso wa kuvaa. Alianza na mambo ya usalama, kisha mwitu, kisha watu watasemaje. Mwisho akauliza kile alichokuwa akikitaka tangu mwanzo:

“Na huko bara utakula nini?”

“Chakula changu,” nikamwambia.

Alinielewa. Nilimwona akinielewa, maana alitazama chini. Lakini watu walikuwepo, wanatazama, na kaka yangu hakujua kuishi pasipo watu kutazama. Akamwagiza wifi yangu alete mkebe wa halwa wa njiani, akaupokea, akanipa kwa mikono miwili.

Niliuweka barazani, mbele yao, nikateremka hadi mashuani. Nilipofika Mokowe nilikuwa na njaa, na nilifurahi kuwa nayo.